Ulianzia Wapi?

Ukishuka kwenye basi pale Chimala, kando ya barabara kuu ya Mbeya kwenda Iringa, ukauliza njia ya kupandia Matamba, utajibiwa kwa namba: Hamsini na Saba. Hilo ndilo jina la barabara yenyewe. Watu walizihesabu kona zake, wakakuta ni 57, zikijikunja juu ya ukuta wa mlima mpaka zikutoe kwenye baridi ya nyanda za Kitulo. Barabara ya mlimani inayosifiwa kuliko zote na waendesha baiskeli wa dunia ina kona 21 tu.

Nimeanza na hesabu hiyo kwa makusudi. Katika mchezo wa kupanda milima kwa baiskeli, sifa za "mkali kuliko wote" na "wa haraka kuliko wote" zimejaa kila mahali, na karibu kila moja inategemea jibu la swali ambalo wasomaji hulipita: ulianzia wapi? Saa iliwashwa kwenye nguzo ipi? Kipimo kiliwekwa upande gani wa barabara? Mlima ulihesabiwa tangu baharini, au tangu kijiji cha chini yake? Nizipitie rekodi chache nizipendazo nikiwa na swali hilo mkononi.

Kona ishirini na moja

Alpe d'Huez iko katika milima ya Alps ya Ufaransa. Urefu wake ni kilomita 13.8 na wastani wa mwinuko ni asilimia 8 hivi, yaani kwa kila mita 100 za mwendo unapanda kama mita 8. Kona zake zina vibao vyenye namba zinazokwenda kinyumenyume. Ya chini kabisa ni 21, ya juu ni 1, kwa hiyo anayepanda husoma zilizobaki, si alizozimaliza. Kila kibao kina jina la aliyewahi kushinda siku ya mashindano ya Tour de France iliyomalizikia pale juu. Kibao cha kwanza ni cha Fausto Coppi wa Italia, aliyeshinda mwaka 1952, mara ya kwanza Tour kumalizia siku kileleni. Alipanda kwa dakika 45 na sekunde 22.

Rekodi inayotajwa zaidi ni ya Mwitaliano mwingine, Marco Pantani: dakika 37 na sekunde 35, mwaka 1997. Pantani alikuwa mtu mdogo mwenye kipara, na udogo wake ulikuwa mtaji. Kwenye tambarare adui wa baiskeli ni upepo, na mtu mkubwa mwenye misuli huukata vizuri. Mlimani mwendo hupungua, upepo husahaulika, na adui anakuwa uzito wako mwenyewe unaoubeba mita baada ya mita.

Hapo ndipo swali linapobana. Kuna wanaodai kwamba Pantani alipanda kwa kasi kubwa zaidi mwaka 1995, wengine wanakataa, na ubishi wote umetokana na mahali pa kuwashia saa: wapo wanaopima kilomita 13.8, wapo wanaoanzia chini zaidi. Kuna na ugumu mzito kuliko huo. Mwaka 1999 Pantani aliondolewa kwenye mashindano ya Giro d'Italia baada ya damu yake kukutwa nzito kupita kiwango kilichoruhusiwa, na ripoti ya Seneti ya Ufaransa ya mwaka 2013 ilionyesha kwamba sampuli zake za mwaka 1998 zilikuwa na EPO, dawa ya kuongeza chembe nyekundu za damu. Alifariki Februari 2004, akiwa na miaka 34. Siwezi kuisoma ile 37:35 bila huzuni. Ni saa ya mtu aliyekuwa na kipaji cha kweli, katika miaka ambayo kipaji peke yake hakikutosha kushinda. Lance Armstrong, ambaye jina lake limebandikwa kwenye kona ya 21 pamoja na la Coppi, alivuliwa mataji yake yote saba ya Tour mwaka 2012.

Kuna saa nyingine ya Alpe d'Huez ambayo haiko kwenye kibao chochote. Mwaka 2008 mpigapicha kutoka Singapore, Nicholas Leong, aliwapeleka Wakenya wawili, Zakayo Nderi na Samwel Mwangi, wakajipime kwenye barabara ile. Nderi alifika juu kwa kama dakika 42. Hakuwa na kundi la kumkinga, wala miaka ya mashindano ya Ulaya miguuni. Mchezo haukumfungulia mlango baada ya hapo kama nilivyotamani. Lakini saa ile ilipigwa mchana kweupe, na mpaka leo naihesabu miongoni mwa rekodi za kweli za mlima ule.

Na tarehe 18 Agosti 2024 mlima huohuo ulitoa tofauti ndogo kuliko zote katika historia ya Tour, ya wanaume na ya wanawake. Demi Vollering wa Uholanzi alikuwa ameanguka siku chache kabla na kupoteza jezi ya njano ya anayeongoza. Siku ya mwisho alishambulia mapema, kwenye mlima wa Glandon, akapanda Alpe d'Huez mbele ya wote na kushinda siku. Kisha akasubiri. Kasia Niewiadoma wa Poland alikuwa nyuma yake, akipambana na kila kona, na alipovuka mstari hesabu ilimpa ushindi wa jumla kwa sekunde 4. Hatua nane za mashindano, sekunde 4. Kwa wanaume tofauti ndogo kabisa ni sekunde 8, ambazo Greg LeMond alimzidi nazo Laurent Fignon mwaka 1989.

Mtaa mkali kuliko yote

Huu ni ubishi mfupi, ila unafundisha. Baldwin Street, katika mji wa Dunedin, New Zealand, ni mtaa wa makazi wa mita 350 hivi, na sehemu yake kali ina mwinuko wa asilimia 34.8. Baiskeli ya kawaida hapo huanza kuinua gurudumu la mbele. Mwaka 2019 taji la mtaa mkali kuliko yote duniani lilihamia Harlech, mji mdogo wa Wales, kwenye kichochoro kiitwacho Ffordd Pen Llech, kilichopimwa asilimia 37.45. Watu wa Dunedin walikata rufaa. Hoja yao ilikuwa kwamba kichochoro kile kina kona, na kwenye kona ukipima ukingo wa ndani utapata ukali ambao haupo katikati ya barabara. Vipimo vikarudiwa kwa kufuata mstari wa katikati, na Aprili 2020 Baldwin Street ikarudishiwa taji lake. Upana wa nusu ya barabara ulitosha kuutoa ushindi Ulaya na kuurudisha upande wa pili wa dunia.

Kwenye mashindano yenyewe, mita hizo za ukatili zipo Hispania, Asturias, kwenye mlima Angliru: kilomita 12.5, wastani wa asilimia 10, na karibu na kilele kipande kiitwacho Cueña les Cabres, njia ya mbuzi, kinachofika asilimia 23.5. Wastani ule unadanganya, maana sehemu ya kwanza ni ya upole na sehemu ya pili ndiyo inayolipa deni lote. Vuelta a España iliupanda mara ya kwanza mwaka 1999. Mwaka 2002 mvua ilinyesha, magari ya timu yakakwama katikati ya njia, waendeshaji wakalazimika kuyazunguka, na David Millar wa Uingereza, aliyekuwa ameanguka siku hiyo, alisimama karibu na mstari wa kumalizia, akang'oa namba yake na kukataa kuvuka. Namwelewa. Barabara inapomshinda hata mwenye injini, kumwita mwanadamu mvivu ni kumwonea.

Italia wana Muro di Sormano, usiofika kilomita mbili, wenye wastani wa asilimia 17. Giro di Lombardia iliutumia miaka mitatu tu, 1960 hadi 1962, ikauacha, kwa sababu mashabiki waliwasukuma wapendwa wao kwa mikono mpaka ushindi ukawa wa mwenye marafiki wengi. Ulirudi mwaka 2012. Siku hizi mita za mwinuko zimechorwa juu ya lami, ili anayekanyaga pedali kichwa kikiwa kimeinama azisome moja moja.

Juu kuliko wote

Kwenye barabara ya Bonette, kusini mwa Alps ya Ufaransa, utaona ikisifiwa kuwa ya juu kuliko zote Ulaya. Kivuko chenyewe, mahali barabara inapovukia mlima, kiko mita 2,715, chini ya kile cha Iseran chenye mita 2,764. Lakini juu ya kivuko cha Bonette ilichongwa pete ya barabara inayozunguka kilele na kurudi ilikotoka, na pete hiyo inafika mita 2,802. Haiendi popote. Hata hivyo Hispania kuna barabara ya Pico Veleta, juu ya Granada, inayopita mita 3,300. Kinachobaki kwa Bonette ni sifa yake halali: hapo ndipo juu kuliko pote Tour de France imewahi kupita. Federico Bahamontes wa Hispania alitangulia kuifikia mwaka 1962, akarudia 1964.

Mwafrika naye amewahi kufika wa kwanza pale. Mwaka 2008 John-Lee Augustyn wa Afrika Kusini, kijana wa timu ya Barloworld, aliifikia Bonette mbele ya wote. Wahenga walisema mpanda ngazi hushuka. Muda mfupi baada ya kilele alipitiliza kona, akaporomoka kwenye kifusi cha ubavu wa mlima. Alipanda tena kwa mikono na magoti mpaka barabarani, baiskeli ikabaki chini, akasubiri apewe nyingine. Alimaliza siku ile. Kila nikiitazama picha yake akitambaa kurudi barabarani, naona mlima wa pili alioupanda ndani ya dakika chache.

Himalaya ina madai yake. Barabara ya Khardung La, kule Ladakh, ilikuwa na kibao kilichosema mita 5,602 kwa miaka mingi, na wasafiri wengi waliamini. Vipimo vya satelaiti vikatoa 5,359. Mwaka 2021 Guinness, watunza rekodi za dunia, waliitambua Umling La, katika eneo hilohilo, kuwa ya juu kuliko zote, kwa mita 5,798. Msomaji wa Moshi ataielewa namba hiyo haraka kuliko wengi: ni mita 97 tu chini ya kilele cha Uhuru, na ina lami. Hewa ya kule ina karibu nusu ya oksijeni ya pwani. Kilimanjaro yenyewe haina barabara ya kufika kileleni, lakini mwishoni mwa mwaka 1984 Waingereza wawili, Nicholas na Richard Crane, watoto wa ndugu, walifika juu na baiskeli zao, wakizibeba zaidi ya zilivyowabeba.

Na kuna mlima mmoja ambao swali langu haliusumbui kabisa. Mbio za Wuling, Taiwan, zilianzia ufukweni Hualien, zikapita kwenye korongo la Taroko na kupanda kilomita 105 hadi mita 3,275. Kilomita kumi za mwisho zina vipande vya asilimia 27. Mwaka 2017 Vincenzo Nibali, bingwa wa Tour wa mwaka 2014, alizimaliza kwa saa 3, dakika 19 na sekunde 54. Ulianzia wapi? Baharini.

Uma uliovunjika

Rekodi ya kupandwa mara nyingi kuliko milima yote ya Tour ni ya Tourmalet, katika Pyrenees, mita 2,115. Ilianza mwaka 1910. Wakati ule baiskeli zilikuwa nzito na gia moja tu barabarani. Vibadilisha gia havikuruhusiwa kwenye Tour mpaka 1937. Aliyewahi kusukuma baiskeli ya Phoenix yenye mzigo mlimani anajua waliyoyapata. Octave Lapize, aliyetangulia kupita Tourmalet mwaka huo, baadaye siku hiyohiyo aliwaita waandaaji wauaji. Alishinda Tour hiyo. Miaka saba baadaye aliuawa vitani akiwa rubani.

Ila wa Tourmalet nimpendaye ni Eugène Christophe. Mwaka 1913 alikuwa na nafasi nzuri kabisa ya ushindi alipouvuka mlima na kuanza kuteremka. Uma wa mbele, ule unaoshika gurudumu, ukavunjika. Kanuni ilikuwa kali: kila mmoja ajitengenezee, asisaidiwe na mtu. Christophe aliibeba baiskeli begani, akatembea zaidi ya kilomita kumi mpaka kijiji cha Sainte-Marie-de-Campan, waliomfuata wakimpita mmoja mmoja. Kijijini kulikuwa na mhunzi. Mhunzi alikatazwa kugusa. Aliruhusiwa kuelekeza kwa mdomo tu, na waamuzi wakasimama mlangoni kulinda kanuni. Christophe alichoma chuma, akakipiga nyundo, akakiunga mwenyewe. Lakini mtu mwenye nyundo mkono mmoja na chuma mkono mwingine hana mkono wa tatu wa kuvuta mivuo, na mtoto mmoja akamvutia. Kwa kosa hilo waamuzi walimwongezea muda wa adhabu. Alimaliza siku ile saa nyingi nyuma, na Tour hakuishinda kamwe, mwaka ule wala mwingine wowote.

Hakuna orodha ya rekodi yenye safu ya jambo alilolifanya Christophe, na mimi ningeiweka safu hiyo juu kabisa.

Everest juu ya kilima kimoja

Chagua kilima chochote. Panda, shuka, panda tena kilekile, bila kulala, mpaka jumla ya kupanda ifike mita 8,848, urefu wa Everest. Wa kwanza kulitimiza jambo hilo ni George Mallory, mjukuu wa yule Mallory aliyepotelea Everest mwaka 1924. Alilifanya nchini Australia mwaka 1994 akijiandaa kwenda kwenye mlima ambao babu yake hakurudi kutoka kwake. Mwaka uliofuata alifika kileleni.

Mwaka 2020, mashindano yaliposimama kwa ajili ya korona, mabingwa wasio na kazi waliligeukia jambo hilo. Alberto Contador wa Hispania alitumia saa 7 na dakika 27. Mwezi Machi 2021 Ronan McLaughlin wa Ireland alipanda kipande cha Mamore Gap, chenye mwinuko wa asilimia 14 hivi, zaidi ya mara 70, akamaliza kwa saa 6, dakika 40 na sekunde 54. Wajuzi huchagua kilima kifupi na kikali kwa sababu kinawapa mita nyingi kwa mwendo mchache, na huchunguza upepo wa siku ile, maana unaweza kuwasukuma mgongoni. Hapa swali la kuanzia limegeuzwa kuwa ufundi: unajichagulia mwanzo unaokufaa.

Mtoto wa Nairobi

Chris Froome alizaliwa Nairobi mwaka 1985, na baiskeli alifundishwa na David Kinjah, yule mwenye rasta ndefu wa timu ya Safari Simbaz, kule Kikuyu. Mpaka 2008 aliandikishwa kama Mkenya. Kisha akabadili bendera akawa Mwingereza, akashinda Tour mara nne. Mwaka 2013 alishinda juu ya Mont Ventoux akiwa na jezi ya njano. Miaka mitatu baadaye kwenye mlima huohuo pikipiki ilisimama ghafla katikati ya umati, akagonga, baiskeli yake ikaharibika, naye akaanza kukimbia kwa miguu, na viatu vyake vya kuendeshea, kuelekea juu. Watu wa Ulaya waliishangaa picha ile. Nilipoiona, nilimfikiria akiwa Kikuyu.

Mwaka 2018 alishinda juu ya Zoncolan, Italia, kilomita 10 za wastani wa karibu asilimia 12. Siku chache baadaye, kwenye vumbi la Colle delle Finestre, aliondoka peke yake zikiwa zimebaki kilomita 80, akiwa nyuma kwa zaidi ya dakika 3, na jioni akawa anaongoza Giro. Wakati huo alikuwa na kesi ya kipimo cha dawa ya pumu, na iliondolewa Julai mwaka huohuo. Swali la alipoanzia halimpunguzii kitu. Kinjah ndiye anayestahili kutajwa zaidi ya anavyotajwa.

Kisha ilikuja Kigali. Septemba 2025 mashindano ya dunia ya barabara yalifika Afrika kwa mara ya kwanza. Wanaume walipewa kilomita 267.5 na mita 5,475 za kupanda: Mlima Kigali, kilomita 5.9 za asilimia 6.9, na Kwa Mutwe, mita 400 za mawe yaliyopangwa, zenye asilimia 11. Walianza 165. Walimaliza 30. Tadej Pogačar wa Slovenia alianza kushambulia zikiwa zimebaki kilomita 104 na akashinda. Kwa wanawake Magdeleine Vallieres wa Kanada aliwashinda wote waliotazamiwa kushinda. Watu walijaa pale Kwa Mutwe mpaka barabara ikawa mchirizi mwembamba kati ya migongo, watoto wakiwa juu ya kuta na miti. Mlima ule haujawa mkali zaidi kwa sababu dunia imeupima. Wanyarwanda wanaupanda kila siku.

Bugarama

Nusu ya rekodi za kupanda milima hazina saa wala kibao. Toka Bujumbura, kando ya Ziwa Tanganyika, kwenye mita zipatazo 800, barabara kuu inaingia milimani kuelekea Bugarama, juu ya mita 2,000. Ni kupanda zaidi ya mita 1,200, kuliko Alpe d'Huez. Vijana wa Burundi huiteremka na mikungu ya ndizi na magunia ya makaa yaliyofungwa kwenye keria mpaka baiskeli haionekani, kwa kasi ambayo dereva wa gari hupata taabu kuifuata. Kurudi juu ni shughuli nyingine. Lori linapopita taratibu, mmoja hushika nyuma kwa mkono mmoja, wa pili hushika pembeni yake, wa tatu, wa nne, mkono mwingine ukishika usukani, wakivutwa kona kwa kona kwenye moshi wa injini. Wengine wameumia, wengine wamekufa. Ni jambo la hatari na la njaa, wala sitalipamba.

Kijana akifika Bugarama anaachia lori, anaegemeza baiskeli kwenye ukuta, anakagua breki kwa kidole. Kisha anaanza kufunga ndizi, mkungu juu ya mkungu, maana inabidi awe ziwani kabla soko halijachangamka.